Wahakiki Wasiofika Kayole

Mwezi Agosti 2020 Wakenya wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba Kayole-Soweto, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, ulikuwa umefanyiwa jaribio la kiuchumi. Aidan Coville na Susumu Yoshida wa Benki ya Dunia, Sebastian Galiani wa Chuo Kikuu cha Maryland na Paul Gertler wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wameshirikiana na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi kupima ni nini kitawafanya wenye nyumba walipe bili zilizolimbikizwa. Kwa njia ya kura, baadhi ya ploti zenye madeni zilipewa ilani kisha zikakatiwa maji, na nyingine hazikuguswa kwa wakati ule, ziwe za kulinganishia. Watafiti wakaripoti kwamba tishio la kukatiwa lilileta malipo, lakini maneno ya kubembeleza hayakuleta kitu. Wakaripoti pia kwamba hawakuona dalili ya wapangaji kuhama wala ya afya ya watoto kuzorota.

Ghadhabu ilizuka mara moja. Anayedaiwa na kampuni ni mwenye ploti. Anayebeba mtungi kutoka mbali bomba likikauka ni mpangaji, na huenda kodi yake alishailipa. Je, mpangaji aliulizwa? Watafiti wakatoa maelezo marefu kuhusu maadili: kwamba kampuni ilikuwa na haki kisheria ya kuwakatia wadaiwa, na ingefanya hivyo hata bila utafiti. Wengine wakatoa utetezi wa namna nyingine. Hii, walisema, ni rasimu tu iliyotolewa Julai na shirika la NBER la Marekani, haijapita kwa wahakiki. Ingojeeni ipitie kule.

Ikapita. Makala hatimaye ilichapishwa katika jarida la Review of Economics and Statistics. Utetezi huo wa pili ndio unaonishughulisha, kwa sababu umejengwa juu ya imani ambayo watu wachache wameichunguza: kwamba wahakiki wa jarida wangeona walichokiona wakazi wa Kayole. Je, kuna mtu aliyewahi kupima wahakiki huona nini hasa?

Wapo waliopima. Makala ya kitaaluma ikimfikia mhariri, kwa kawaida huituma kwa wataalamu wawili au watatu wa fani ileile, ambao huisoma bila malipo na kupendekeza ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe. Kwa miongo kadhaa sayansi iliutegemea utaratibu huu kama kiapo bila kuuweka kwenye mizani yake yenyewe. Drummond Rennie, naibu mhariri wa jarida la tiba la JAMA, alikuwa miongoni mwa walioona aibu hiyo, na mwaka 1989 kongamano la kwanza la kuuchunguza uhakiki likafanyika Chicago. Tangu hapo majaribio yamekuwa mengi, na karibu yote yanaumiza kuyasoma.

Lililo mashuhuri zaidi lilifanywa na British Medical Journal. Fiona Godlee na wenzake walichukua makala, wakaitia kasoro 8 kwa makusudi, wakaituma kwa wahakiki 420 wa jarida hilo. Waliojibu ni 221. Kwa wastani kila mmoja aligundua kasoro 2. Asilimia 16 hawakugundua hata moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Miaka kumi baadaye Sara Schroter na wenzake walirudia kazi hiyo kwa wahakiki 607 na makosa makubwa 9 katika kila makala, wakaongeza swali la maana: je, mafunzo husaidia? Wahakiki waliendelea kukamata chini ya theluthi ya makosa, na waliofunzwa hawakuwapita wenzao kwa kiasi cha kujivunia.

Kipimo cha pili ni makubaliano. Ikiwa wataalamu wawili wanasoma kitu kimoja kwa macho ya kitaalamu, hukumu zao zisitofautiane kama za watu waliorusha sarafu. Mwaka 2010 Lutz Bornmann na wenzake walikusanya tafiti 48 za aina hii na kupata kwamba kipimo kiitwacho kappa, ambapo 1 ni makubaliano kamili na 0 ni bahati tupu, kilikuwa 0.17. Kongamano kubwa la akili mnemba la NeurIPS liligawa wahakiki wake katika kamati mbili mwaka 2014 na kuzipa zote mbili makala 166 zilezile. Zaidi ya nusu ya makala zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine.

Hapa sikubaliani na wanaoitumia namba ya namna hiyo kuutangaza uhakiki umekufa. Mhariri mwenye busara hachagui wahakiki wanaofanana. Makala kuhusu kifua kikuu Korogocho akiipeleka kwa mtakwimu mmoja na kwa daktari mmoja wa kliniki, anataka wasikubaliane. Mmoja atasoma jedwali, mwingine atauliza kama wagonjwa walioacha dawa wamehesabiwa. Kutokubaliana kwao kunaweza kuwa ndiyo faida yenyewe. Namba inayopima makubaliano haiwezi kutofautisha ugomvi wa maana na uzembe.

Kipimo cha tatu, cha haki, hakina utetezi kama huo. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walichukua makala 12 za saikolojia za watu wa vyuo vyenye sifa, zilizokwisha kuchapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na ya vyuo yawe ya kubuni yasiyojulikana, kisha wakazipeleka kwa majarida yaleyale. Tatu tu zilitambuliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa, nyingi kwa madai ya kasoro kubwa za mbinu ambazo mara ya kwanza hazikuwa kikwazo. Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale. Basi asome ya mwaka 2022. Jürgen Huber na wenzake waliwapa wahakiki makala moja ya uchumi wa fedha iliyoandikwa na watu wawili: Vernon Smith, mshindi wa Tuzo ya Nobel, na Sabiou Inoua, ambaye jina lake lilikuwa bado geni. Walioonyeshwa jina la Smith peke yake, asilimia 23 walipendekeza makala ikataliwe. Wasioonyeshwa jina lolote, 48. Walioonyeshwa jina la Inoua, 65.

Kwa anayeandika kutoka Nairobi, tofauti hiyo ya 23 na 65 inagusa maisha yenyewe. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zilifunga kupanda cheo kwa mhadhiri na makala zilizopitia uhakiki. Anayebisha mlango huo akiwa na jina lisilojulikana na anwani ya chuo kisichojulikana anabisha akiwa na mzigo ambao mwenzake wa Boston hana, na mlango ukifungwa mara tatu huishia kwenye jarida la mtandaoni linalokubali chochote mradi umelipa. John Bohannon wa jarida la Science aliyaanika majarida hayo mwaka 2013. Aliandika makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mwanafunzi angeyaona, akaituma kwa majarida 304, 157 yakaikubali. Waandishi aliowabuni aliwapa majina ya Kiafrika yaliyochanganywa na kompyuta, na vyuo vya Afrika visivyokuwepo, kimoja kikidaiwa kuwa Asmara. Alifanya hivyo ili kutokujulikana kwao kusishangaze mtu. Lengo lake lilikuwa zuri na alilifikia. Lakini inafaa kutazama kwa makini kwamba vazi lililoonekana linafaa zaidi kumficha mtu asiyekuwepo lilikuwa jina la Kiafrika, na msomi wa kweli wa Asmara au Nairobi ndiye aliyebaki na vazi hilo mwilini jaribio lilipokwisha.

Kuna pia habari njema, ingawa ni fupi. Steven Goodman na wenzake walilinganisha makala 111 za Annals of Internal Medicine kabla na baada ya uhakiki na uhariri, kwa vigezo 34. Vigezo 33 viliboreka, hasa vile vya kueleza mipaka ya utafiti na kutojisifu kupita ushahidi. Uhakiki basi si bure. Hufanya makala iliyoandikwa iwe na unyenyekevu zaidi.

Ila tazama vipimo hivi vyote vinafanana wapi. Kasoro zilipandikizwa ndani ya kurasa: kundi la kulinganishia lililokosekana, hesabu isiyojumlika, hitimisho lisilofuata data. Mhakiki mwerevu aliyekaa Oslo angeweza kuzikamata zote bila kuinuka kitini. Sijaona katika majaribio haya makubwa hata moja lililopandikiza kosa ambalo mtu hawezi kuligundua asipopajua mahali utafiti ulipofanyika. Na makosa yanayoiumiza Eastlands mara nyingi ni ya aina hiyo.

Mfano mkali ulitokea mwaka uleule wa Kayole. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kukusanya rekodi za wagonjwa 96,032 wa Korona kutoka hospitali 671 za mabara sita, kupitia kampuni iitwayo Surgisphere, na kuonyesha kwamba dawa ya hydroxychloroquine huongeza vifo. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda sehemu ya majaribio yake. Ndani ya siku chache watafiti zaidi ya 100 walimwandikia mhariri barua ya wazi, na mojawapo ya hoja zao ilihusu Afrika. Kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa Korona barani, na asilimia 40 ya vifo, vilikuwa katika hospitali za mtandao huo, zenye rekodi za kielektroniki na mitambo ya kufuatilia mapigo ya moyo kwa kiwango cha juu. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa, kwa kuwa data hazikuweza kuthibitishwa.

Lancet ni jarida la mwaka 1823, lenye wahakiki wa daraja la juu. Hata hivyo yeyote aliyefanya kazi katika hospitali ya umma ya Nairobi wakati ule, ambako mafaili ya karatasi yalikuwa bado yanabebwa kutoka dirisha hadi dirisha, angesimama kwenye mstari huo wa Afrika na kuuliza: hospitali zipi? Swali hilo halihitaji shahada ya takwimu. Linahitaji kuwa umefika.

Upande wa pili wa Eastlands, Majengo ya Pumwani, kuna mfano unaofundisha jambo jingine, nao ni wa heshima zaidi. Kuanzia mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, vilifungua kliniki iliyowahudumia na kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakiuza ngono mtaani humo. Majina ya Frank Plummer na Jeckoniah Ndinya-Achola yanajulikana zaidi katika majarida, ila pasipo Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekaa na wanawake hao katika mabaraza yao na kujenga imani yao, kusingekuwa na cha kuchapisha. Mwaka 1996 Keith Fowke na wenzake walichapisha katika Lancet matokeo yaliyotikisa dunia. Kati ya wanawake 424 waliojiunga bila virusi vya Ukimwi kati ya 1985 na 1994, 239 waliambukizwa. Lakini 43 walikuwa wamekaa miaka mitatu au zaidi bila kuambukizwa, na takwimu zilionyesha kwamba bahati peke yake haielezi hali hiyo. Miili yao ilikuwa na kinga. Matumaini ya chanjo yakajengwa juu yao.

Wahakiki waliipitisha makala hiyo, na walifanya sawa: kila kitu kilichokuwa kwenye karatasi kilisimama. Lakini mwaka 2001 Rupert Kaul na wenzake wa kundi hilohilo waliripoti kwamba baadhi ya wanawake waliohesabiwa kuwa na kinga walikuwa wameambukizwa baadaye, na kwamba wengi wao walikuwa wamepunguza au kuacha kazi kwa muda. Kinga ile, ilionekana, ilitegemea kukutana na virusi mara kwa mara. Hakuna mhakiki wa mwaka 1996 ambaye angeweza kulijua hilo. Lilijulikana kwa sababu wanawake wa Majengo waliendelea kurudi kliniki mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu watafiti hawakuhama matokeo yalipopata sifa.

Linganisha na Kemron, dawa iliyodaiwa kutibu Ukimwi. Mwaka 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wakiongozwa na Davy Koech walichapisha katika jarida la Molecular Biotherapy matokeo ya interferoni ya kumung'unya kwa dozi ndogo. Utafiti ulikuwa wa wagonjwa wachache, bila kundi la kulinganishia lililopewa kidonge kisicho na dawa. Julai mwaka huohuo Rais Moi akaitangaza dawa hiyo kwa taifa. Watu walikuja Nairobi kuitafuta, wengine kutoka Marekani. Kilichoiangusha ni majaribio yenye kundi la kulinganishia, likiwemo lile kubwa la Uganda lililoongozwa na Elly Katabira, lililochapishwa mwaka 1998 na kukuta dawa haina faida. Muhuri wa kuchapishwa jaridani ulitumiwa kama mwisho wa mjadala, na mtu aliyekuwa na Ukimwi mwaka 1990 hakuwa na miaka minane ya kungojea.

Visa hivi viwili vinanifanya niamini kwamba kupima uhakiki siku ya kukubaliwa kwa makala ni kupima mapema mno. Kipimo kinachofaa kingefuatilia kundi la makala zilizokubaliwa na zilizokataliwa, na baada ya miaka kumi kiulize ni zipi zimesimama. Kuna waliojaribu kitu cha karibu na hicho kwa kuhesabu marejeo. Kyle Siler na wenzake, mwaka 2015, walifuatilia makala 1,008 zilizopelekwa kwa majarida matatu makuu ya tiba na kukuta kwamba zile 14 zilizokuja kurejelewa zaidi zilikuwa zimekataliwa na majarida hayo, 12 kati yake mezani kwa mhariri bila hata kufika kwa wahakiki. Ni matokeo ya kufikirisha. Lakini idadi ya marejeo ni mizani ya dunia tajiri. Utafiti unaookoa watoto Dandora kwa kubadilisha jinsi zahanati inavyotibu kuhara unaweza kurejelewa mara chache mno na bado ukawa kazi bora kuliko mamia yanayonukuliwa kila wiki.

Na hapa Eastlands ina kitu ambacho miji mingi haina. Mwaka 2002 kituo cha utafiti cha APHRC kilianza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na kwa mahojiano na jamaa za marehemu, kafa kwa nini. Mwaka 2008 Catherine Kyobutungi na wenzake walitumia data za 2003 hadi 2005 kuonyesha kwamba kwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi, Ukimwi na kifua kikuu vilibeba karibu nusu ya mzigo wa vifo, na kwamba kwa wadogo zaidi adui wakubwa walikuwa nimonia, kuhara na watoto kuzaliwa wafu. Makala ya namna hiyo haikai peke yake. Raundi inayofuata ya mahojiano huiunga mkono au huipinga, katika vichochoro vilevile. Huo ni uhakiki unaoendelea baada ya wahakiki kurudisha ripoti zao, na hakuna jarida linalouhesabu.

Jaribio ninalolitaka halina ugumu wa kulipanga. Jarida kubwa la afya au la uchumi lichukue makala kuhusu mtaa kama Kayole, Mathare au Viwandani, kwa idhini ya waandishi. Lipandikize makosa ya aina mbili. Ya kwanza yawe yale ya Godlee, ya mbinu na hesabu. Ya pili yawe ya mahali: wapangaji waandikwe kana kwamba bili ya maji huja kwa jina lao, mahojiano ya kaya yafanywe yote saa nne asubuhi siku za kazi, wakati vibarua wa Viwandani wamekwisha kuingia viwandani, kaya zihesabiwe kwa mlango mmoja mahali ambapo mlango mmoja una familia mbili, waliokosekana baada ya Desemba wahesabiwe kuwa wamejitoa utafitini, kumbe wamekwenda mashambani na watarudi Januari. Kisha makala ipelekwe kwa kura kwa wahakiki wa aina mbili, wanaoishi na kufanya kazi Afrika Mashariki na wasiowahi kufika. Tuone nani anakamata nini.

Dhana yangu ni kwamba makosa ya mbinu yatakamatwa kwa kiwango kilekile kibaya na pande zote, na ya mahali yatapita salama mikononi mwa wasiofika. Naweza kuwa nimekosea, na ndiyo sababu ya kupima. Nikithibitishwa, mhariri atakuwa na namba mkononi ya kumfanya atafute angalau mhakiki mmoja wa mahali kwa kila makala ya mahali, jambo ambalo leo anaweza kuliacha bila kuulizwa.

Atakapomtafuta atakutana na kikwazo cha kawaida. Mhadhiri wa Nairobi anafundisha madarasa makubwa, anasimamia tasnifu nyingi, na ripoti ya uhakiki iliyomla siku mbili haimwongezei shilingi wala alama nyingi za kupanda cheo. Wakati mwingine hata hana idhini ya kusoma bure jarida analolihakikia. Tume ya vyuo ingeweza kuipa kazi ya uhakiki alama zinazolingana na uzito wake, na majarida yanayotoza maelfu ya dola kuchapisha makala moja yangeweza kumlipa. Na kwa swali kama la Kayole, la nani aliridhia na nani alibeba mtungi, nafasi ya wahakiki isiishie vyuoni. Miradi mingi ya utafiti ya Nairobi tayari ina kamati za ushauri za wakazi, zinazosoma mpango kabla kazi haijaanza. Kamati hiyohiyo ingeweza kupewa rasimu ya makala kwa Kiswahili, na maoni yake yakachapishwa pamoja nayo, yenye majina ya wanaoridhia kutajwa, ili msomaji wa Washington anayetaka kuitumia sera ile katika mji mwingine ayaone kabla hajafika kwenye jedwali la kwanza.